Padri Rodrigues alipoteza imani ipi?

Juma lililopita wanafunzi wangu wa zamani walinialika hapa Kilifi tutazame pamoja filamu ya Silence, ya Martin Scorsese, iliyotoka mwaka 2016. Ni filamu ndefu, saa mbili na dakika arubaini hivi. Ilipokwisha hakuna aliyeaga. Ubishi ulizuka, ukatufikisha saa saba za usiku, na kilichobishaniwa ni picha moja tu, ile ya mwisho.

Hebu nimweleze kwanza msomaji ambaye hajaitazama. Katika karne ya 17, mapadri wawili vijana, Wajesuiti kutoka Ureno, wanaingia Japani kwa siri kumtafuta mwalimu wao, Padri Ferreira, anayesemekana kuukana Ukristo. Serikali imepiga marufuku dini hiyo. Mshukiwa huwekewa sanamu ya Yesu chini, akaambiwa aikanyage. Akikubali, huachiliwa, akikataa, huteswa. Mmoja wa wale mapadri, Rodrigues, anakamatwa. Yeye mwenyewe haguswi. Wanaoteswa ni wakulima, walioning'inizwa kichwa chini juu ya shimo. Wao wameshaikana dini, lakini hawatafunguliwa mpaka padri naye akanyage. Anakanyaga.

Baada ya hapo anapewa jina la Kijapani, nyumba na mke, naye anaishi miaka mingi akiitumikia serikali ile ile. Anapokufa anafanyiwa mazishi ya Kibudha. Maiti imekalishwa ndani ya jeneza la mbao lililo duara kama pipa, na moto unawashwa. Kamera inapenya ndani ya jeneza, mahali ambapo jicho la mtu haliwezi kufika, na hapo tunaona mkononi mwa maiti msalaba mdogo. Filamu inaishia hapo.

Je, Rodrigues alikufa Mkristo au alikufa akiwa ameritadi? Mwanafunzi mmoja, Mkristo, alisema hata Petro alikana mara tatu na bado akawa Petro. Mwenzake Mwislamu akamwongezea nguvu kwa kisa cha Ammar bin Yasir, aliyelazimishwa kutamka neno la kukana huku moyo wake umetulia. Wa tatu hakukubaliana nao. "Prof, wale waliokataa kukanyaga wakafa, walikufa bure?" Swali zito hilo, na sikuwa na jibu la haraka.

Mama wa mwenyeji wetu, bi mkubwa ambaye Kiingereza hakijui, alikuwa ameketi nasi muda wote, mwanawe akimfasiria. Alitusikiliza tukirudia, "Amepoteza imani, hajapoteza imani," kisha akatukata kauli. "Si aliwaonea imani wale watu waliotundikwa? Sasa mwasema amepoteza imani gani?"

Tulinyamaza sote. Mimi niliyefundisha lugha hii zaidi ya miaka thelathini nilikuwa nimelipita neno hilo bila kulitazama. Imani ni neno tulilolipokea kutoka Kiarabu kwa maana ya kuamini. Lakini fungua kamusi zetu, au bora zaidi sikiliza watu wa Malindi na Mambrui wakizungumza, utakuta imani ni huruma vilevile. Mtu huingiwa na imani amwonapo yatima. Anayempiga mtoto kupita kiasi huambiwa hana imani, na hapo hakuna anayeuliza anasali wapi. Kiingereza kina maneno mawili tofauti kwa mambo haya, na ndiyo maana watazamaji wengi wa Ulaya na Marekani wameuona uamuzi wa Rodrigues kuwa ni kuchagua kati ya imani na huruma. Anayefikiri kwa Kiswahili atashtuka kidogo: mtu huchaguaje kati ya kitu na kitu hicho hicho?

Nakiri kwamba neno moja halimalizi hoja. Kamusi haiwezi kumsafisha mtu. Tena bi mkubwa wetu alizungumzia tendo la usiku mmoja tu, ilhali filamu haikuishia usiku ule. Baadaye tunamwona Rodrigues na Ferreira wakiikagua mizigo ya Waholanzi ili kuvinasa vitu vya Kikristo visiingie nchini. Anatakiwa kuikana dini tena na tena, naye anaikana. Aliponyanyua mguu mara ya kwanza aliwaokoa watu walioning'inia. Alipokuwa akiichambua ile mizigo, alikuwa akimwokoa nani? Kwa maoni yangu hapa ndipo penye utata wa kweli wa mwisho huu, na picha ya msalaba inaufunika kidogo. Inatwambia alichokificha kifuani. Haitwambii kama ile huruma ya usiku ule iliendelea kuishi.

Na msalaba huo Scorsese ameuongeza mwenyewe. Riwaya ya Shusaku Endo iliyozaa filamu hii, iliyochapishwa mwaka 1966, inafungwa kwa kumbukumbu kavu za afisa wa serikali, na msomaji haonyeshwi kilichomo mkononi mwa maiti. Endo alituacha nje ya jeneza; Scorsese ametuingiza ndani. Hata hivyo simlaumu sana, kwa sababu ya asili ya msalaba wenyewe. Rodrigues alipewa na Mokichi, mkulima maskini aliyekataa kumtemea mate Yesu msalabani, akafungwa kwenye mti baharini, maji yakajaa na kupwa juu yake mpaka akafa. Kwa hiyo aliyekanyaga amechomwa akiwa ameshika kumbukumbu ya aliyekataa. Hilo ndilo jibu langu kwa mwanafunzi wa tatu: filamu haikusema Mokichi alikufa bure.

Msidhani haya ni mambo ya Japani tu. Francis Xavier, aliyepeleka Ukristo Japani mwaka 1549, alipita Malindi mwaka 1542 akielekea Goa, na kile kikanisa cha Wareno chenye paa la makuti huhusishwa na safari yake. Katika barua yake anasimulia kuwa mzee mmoja Mwislamu alimlalamikia kwamba katika misikiti 17 ya mji, mitatu tu ndiyo iliyokuwa ikisaliwa. Wanadini wawili tofauti walikaa wakasikitikia kupoa kwa ibada!

Kisha kumbuka Yusuf bin Hassan, wa ukoo wa watawala wa Malindi waliohamia Mombasa. Baba yake aliuawa kwa hila za Wareno, naye akapelekwa Goa angali mtoto, akabatizwa Dom Jerónimo Chingulia, akarudishwa Mombasa kuwa mfalme. Inasimuliwa kwamba alionekana akisali Kiislamu kwenye kaburi la baba yake. Agosti 1631 aliuvua Ukristo, akaiteka Ngome ya Yesu, na Wakristo waliokataa kusilimu wakauawa. Miaka miwili baadaye, mwaka 1633, Ferreira wa kweli, maana yule padri ni mtu wa historia, aliukana Ukristo kule Nagasaki. Kwa Yusuf nako watu hubishana alikuwa nani moyoni, Yusuf au Jerónimo. Swali hilo halina mwisho. Lakini lile la kama aliwaonea imani waliokuwa chini ya upanga wake, historia imelijibu.

Nimeandika haya nikiwa Kilifi, na msomaji anajua kwa nini siwezi kuyaandika kwa starehe. Tangu Aprili 2023, miili zaidi ya 400 imefukuliwa katika msitu wa Shakahola, mingi ikiwa ya watoto. Kesi ya washtakiwa ni ya mahakama, si yangu. Langu ni lugha. Tulisoma na kusikia mara nyingi kwamba waliofia kule walikuwa na "imani kali". Maneno hayo yananikereketa. Mtoto anayelia njaa akanyimwa chakula, aliyemnyima tunaweza kusema ana itikadi, ana msimamo, ana dini hata. Kwa Kiswahili cha yule bi mkubwa, hana imani.

Basi nikiulizwa tena kuhusu ile picha ya mwisho, nitasema kilichomo ndani ya jeneza tumwachie Mungu, kama asemavyo hata msimulizi wa filamu yenyewe. Sisi tulio nje tunayo ya kuangalia: nani alikuwa akining'inia, na nani alimfungua kamba.