Sekunde 15 za Kusitiri Kipara

Mwishoni mwa mwaka 2005 watunga matangazo wa Japani walikabidhiwa kazi ngumu: wauze kidonge ambacho sheria haiwaruhusu kukitaja. Kidonge chenyewe kilikuwa finasteride ya miligramu 1, kilichoruhusiwa mwaka huo kwa wanaume wanaopukutika nywele. Aliyekileta ni Banyu, kampuni tanzu ya Merck ya Marekani. Kinazuia testosteroni isigeuke kuwa ile homoni nyingine inayodhoofisha mizizi ya nywele. Humezwa kila siku, miezi kadhaa hupita kabla mtu hajaona tofauti, na bima ya afya hailipi hata yeni moja. Ni dawa ya kuandikiwa na daktari, na Japani dawa za namna hiyo hazitangazwi kwa umma, si kwa jina wala kwa picha ya pakiti.

Basi wakaacha kuuza kidonge, wakauza safari ya kwenda kwa daktari. Zikaingia sebuleni herufi tatu, AGA, kifupisho cha jina la kitabibu la upara wa kurithi. Wachekeshaji wawili wanaojulikana nchi nzima, Ota Hikaru na Tanaka Yuji wa kundi la Bakusho Mondai, wakasimama mbele ya kamera kuwaambia wanaume: nywele zikipungua, kamwulizeni daktari. Tangazo likaisha. Mwenye shida amesikia, asiye na shida ametabasamu na kungoja kipindi kiendelee. Na yule mwenye shida, akijipa moyo siku moja akaingia kliniki, hahitaji tena kusema mbele ya wagonjwa wenzake, “Nimekuja, nina kipara.” Anataja herufi tatu, anaelekezwa kiti. Kwangu mimi huo ni ufundi wa hali ya juu, na sidhani kama ungezaliwa bila marufuku ya sheria. Aliyefungwa ulimi hutafuta njia nyingine ya kusema.

Ili kuona ugumu wa kazi hiyo, lazima uijue sebule ya Kijapani ya enzi za televisheni moja kwa nyumba nzima. Baba yupo, mama yupo, watoto wapo, pengine na bibi. Tangazo la kawaida huko ni la sekunde 15, muda wa kumimina kikombe kimoja cha chai. Katika muda huo linatakiwa limfikie baba bila binti yake kugeuka kumtazama utosi. Na utosi wa baba, kwenye televisheni ile ile, ulikuwa kichekesho cha siku zote. Katika kipindi cha Jumamosi usiku cha kundi la Drifters, kilichorushwa kuanzia 1969 hadi 1985, Kato Cha alikuwa akivaa upara wa bandia, miwani na kisharubu, na watoto wakigaagaa kwa kicheko. Hata mwaka 2015 mashindano makubwa ya vichekesho ya M-1 yalichukuliwa na Trendy Angel, wawili ambao upara ndio mtaji wao jukwaani.

Halafu kuna mzee Namihei wa katuni ya Sazae-san, inayorushwa Jumapili jioni tangu 1969. Ana miaka 54, nywele kidogo pembeni mwa kichwa, na unywele mmoja, mmoja tu, umesimama katikati ya utosi. Mwaka 2012 sanamu za familia yake ziliwekwa karibu na kituo cha treni cha Sakurashinmachi, Tokyo. Haikuchukua muda mrefu, mtu akaung'oa ule unywele. Ukarudishwa, ukang'olewa tena. Nchi nzima ilicheka, lakini nahisi wako waliocheka huku wakijipapasa kichwani.

Kabla ya vidonge kulikuwa na wigi. Artnature ilianzishwa 1967, Aderans mwaka uliofuata, na kwa miongo kadhaa kampuni hizo mbili za Tokyo zilishindana kwenye televisheni mpaka kila mtu akayajua majina yao, hata mwenye nywele za kufuga. Kisha Reve 21 ya Osaka, iliyoanza 1976, ikaja na sauti kubwa zaidi. Inajiita kliniki, ingawa kazi yake ni kuhudumia ngozi ya kichwa, si kuandika dawa. Hao hawakunong'ona. Walifanya shindano la taifa la kuotesha nywele, wakaleta watu wa kawaida na picha za kabla na baada. Wakamleta na Wada Akiko, mwimbaji wa kike mwenye sauti nzito na kimo cha kutisha, ambaye akikuambia jambo huthubutu kubisha. Kliniki za madaktari haziruhusiwi kutumia ushuhuda wa wagonjwa katika matangazo, kwa hiyo njia hiyo ilikuwa wazi kwa upande mmoja tu. Mimi napenda zaidi mtindo wa kunong'ona. Lakini nakiri kwamba wimbo wa tangazo la kelele ndio unaobaki kichwani ukipiga mswaki.

Ufundi wa wimbo na namba ya simu una mizizi mirefu Japani. Tarakimu za Kijapani kila moja ina matamshi zaidi ya moja, hivyo namba inaweza kusomwa kama sentensi. Hoteli ya Hatoya huko Ito ina namba inayoishia 4126, ambayo ukiisoma kwa ujanja inakuwa sifa ya bafu zuri. Wimbo wa tangazo lake ulitungwa 1961, muziki wa Izumi Taku, maneno ya Nosaka Akiyuki. Ndiyo, yule yule Nosaka aliyekuja kuandika hadithi ya watoto wawili wanaokufa njaa wakati wa vita, Hotaru no Haka. Tangu 1985 zilipoanza simu za bure za 0120, wauza nywele nao wakaweza kuwa na namba ya kuimbisha. Mwanaume angeweza kuishika kichwani bila kuiandika kwenye karatasi ambayo mke angeiokota mfukoni siku ya kufua.

Sisemi matangazo haya hayana dhambi. Jambo ambalo wanaume wa zamani walilipokea kama mvi, watangazaji waliligeuza kuwa hali ya kutibiwa mwezi baada ya mwezi, na wasiwasi waliokuja kuutuliza mara nyingi ni ule waliouchochea wenyewe. Ila walau waliuchochea kwa adabu, kwa sababu walijua bibi anatazama.

Siku hizi matangazo ya kliniki za AGA yamehamia kwenye simu, na simu ina mtazamaji mmoja. Tangazo linamjia usiku akiwa kitandani: utosi uliopigwa picha kwa karibu, punguzo la mwezi wa kwanza, kitufe cha kubonyeza. Akilifunga, kesho linarudi, na safari hii punguzo limeongezwa.