Kabla Hujajaza Gesi ya Friji

Friji ya mlango mmoja ikianza kushindwa kugandisha, neno la kwanza linalotajwa mtaani ni gesi. Gesi imeisha, aitwe fundi aje ajaze. Naona neno hilo hutajwa mapema mno, na linawatoa watu fedha bila sababu. Gesi ya friji haitumiki ikaisha kama ya mtungi wa kupikia. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa pande zote, na friji nzima inaweza kufanya kazi miaka 15 kwa gesi ileile iliyotoka nayo kiwandani. Ikipungua, ujue kuna tundu, na ukijaza bila kuliziba, gesi mpya nayo itatoka. Lakini friji nyingi zinazolaumiwa hazina tundu lolote. Zina uchafu.

Niichambue kazi moja niliyoishuhudia Dar es Salaam, kwa dada anayeuza juisi na barafu za ubuyu nyumbani kwake. Friji yake ilikuwa inaunguruma mchana kutwa bila kupumzika, chupa za chini hazipoi, na uniti za LUKU zinakwenda mbio. Alishaambiwa ni gesi. Jirani yake, mzee aliyestaafu ufundi wa viyoyozi, akakataa kukubaliana na hilo kabla friji haijavutwa kutoka ukutani.

“Mwanangu, tuisafishe kwanza,” alimwambia. “Ikigoma, ndipo tuiongelee gesi.”

Uamuzi huo ulitokana na kuijua kazi ya friji. Friji haitengenezi baridi. Inalitoa joto ndani na kulitupa nje. Gesi hufika kwenye bati la friza ikiwa kimiminika, ikachemka hapo kwa joto la vyakula na kugeuka mvuke. Kompresa huukandamiza mvuke huo mpaka upate moto, kisha huusukuma kwenye mabomba meusi ya nyuma. Huko joto hutoka, gesi ikarudi kuwa kimiminika na kuanza safari upya. Kwa hiyo joto lina mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Barafu huziba ule wa kwanza, vumbi huziba wa pili, na kompresa hubaki inahangaika katikati.

Kwenye friza ya dada huyu barafu ilikuwa nene kuliko kidole gumba. Bati lile ni la alumini, na alumini hupitisha joto takriban mara 100 zaidi ya barafu. Juisi iliyowekwa mle ilikuwa imekalia blanketi. Hapo dada akashika kisu, kama wafanyavyo wengi, na mzee akakichukua mkononi mwake bila kusema neno. Njia za gesi hupita ndani ya bati lenyewe, chini ya ngozi nyembamba ya alumini. Ncha ya kisu ikiteleza mara moja tu, unasikia mlio wa hewa kutoka, na friji iliyokuwa chafu imekuwa mbovu kweli. Alumini ni ngumu kuichomelea, na bati jipya huenda likakaribia nusu ya thamani ya friji kuukuu. Tena friji nyingi za sasa hutumia R600a, yaani isobutani, ndugu wa gesi ya kupikia, nayo inawaka. Haikutiwa ile harufu ya mtungi wa jikoni. Ukiusikia mlio huo, fungua madirisha, zima jiko, wala usiguse swichi wala plagi ya chumba hicho mpaka hewa ibadilike.

Mzee alichomoa plagi. Kuirudisha themostati kwenye sifuri hakukumtosha. Akaweka sufuria ya maji ya moto juu ya kitambaa kilichokunjwa ndani ya friza, akafunga mlango, na kuyabadilisha maji kila yalipopoa. Mvuke uliingia kati ya barafu na bati, na baada ya muda barafu ikaanza kuachia yenyewe, mapande kwa mapande, ikachukuliwa kwa mkono. Kazi hii inataka subira, na ndiyo sababu kisu huonekana njia ya mkato.

Nyuma, vumbi lilikuwa limechanganyika na moshi wa mafuta ya kukaangia, likawa utando wa kijivu unaonata. Alilitoa kwa brashi kavu ya rangi, kutoka juu kwenda chini, akamalizia kwa kitambaa cha maji ya sabuni kilichokamuliwa sana, akiangalia asipinde bomba. Kitambaa cha kufuma kilichopamba friji kiliachwa juu, ila kilikunjwa kisining’inie nyuma. Friji ikarudishwa ikiwa na nafasi ya shubiri moja toka ukutani. Friji ambazo mabomba yake yamefichwa ubavuni hazihitaji brashi, lakini nafasi ya ubavuni zinaihitaji vilevile.

Hata hivyo, kilichonivutia zaidi ni mpira wa mlango. Mikunjo yake ilijaa juisi iliyokauka na ukungu mweusi. Mzee aliusugua kwa mswaki wa zamani na maji ya vuguvugu, akaukausha, kisha akawa anabana noti mlangoni na kuivuta, hatua kwa hatua, kuuzunguka mlango wote. Karibu na bawaba ya juu noti ilitoka bila kushikwa. Hapo ndipo ulipokuwa mzizi wa yote. Hewa ya Dar ina unyevu mwingi; ikipenya usiku na mchana kwenye upenyo kama ule, unyevu wake huishia kwenye bati na kuganda. Wangeondoa barafu wakaacha mpira, ingerudi upesi. Aliukanda kwa kitambaa kilichochovywa maji ya moto mpaka ukalainika, akauvuta ukakaa sawa, noti ikashikwa.

Plagi ikarudishwa, kompresa ikiwa imeshapumzika vya kutosha. Kompresa ikizimwa, inafaa ipewe angalau dakika 5 msukumo wa gesi usawazike pande zote mbili, la sivyo inawashwa ikiwa imebebeshwa mzigo. Ndiyo maana umeme unaokatika na kurudi mara moja huziumiza friji, na ndiyo kazi ya kile kifaa cha kinga kinachochelewesha kuwaka. Themostati, ambayo dada alikuwa ameizungusha hadi mwisho akidhani ataisaidia friji, ilirudishwa katikati. Jioni kompresa ilianza kuzima na kuwaka kwa zamu, na asubuhi ubuyu ulikuwa umeganda.

Gesi iliyopungua kweli ina dalili zake. Kompresa inafanya kazi lakini mabomba ya nyuma hayapati joto, na barafu hushika kipande tu cha bati, pale gesi inapoingilia, huku kwingine kukiwa kukavu. Ukiyaona hayo baada ya usafi, mwite fundi, na umtake akuonyeshe tundu alilolipata na kuliziba kabla hajafungua mtungi wake. Aisome pia lebo ya friji: imeandikwa aina ya gesi, R600a au R134a, na uzito wake kwa gramu. Kiasi hicho hupimwa kwa mizani.