Mshumaa haunuki, hunukia

WIKI jana stima ilipotea usiku, nikakumbuka mshumaa wa manukato niliozawadiwa na mwanafunzi wangu wa zamani. Umo ndani ya bilauri iliyozungushiwa kamba ya mapambo. Mjukuu wangu alinisomea maelezo kwa mwanga wa simu: “Mshumaa unaonuka. Kata kamba kabla ya kuchoma.”

“Babu, nimekata,” akasema. Kumbe ameikata ile kamba ya mapambo! Tulipouwasha, moto ulipanda juu na bilauri ikajaa masizi.

Simlaumu mtoto. Namlaumu aliyetafsiri.

Tuanze na ‘kunuka’. Kinachonuka kina uvundo. Kinachonukia kina harufu ya kupendeza. Kwa kudondosha irabu moja tu, mfasiri ameyageuza manukato kuwa uvundo.

Pili, ‘kuchoma’. Sisi huchoma mahindi, nyama na takataka. Mshumaa huwashwa, nao ukawaka. Anayeuchoma anataka kuuteketeza.

Kosa kubwa zaidi ni ‘kamba’. Uzi ulio katikati ya mshumaa huitwa utambi. Wingi wake ni tambi, kama zile tunazokula. Aliyewahi kusoma kwa koroboi analijua neno hili. Halikuhitaji kubuniwa.

Wapo watakaosema, “Aa, Profesa, si tunaelewana tu?” Hatuelewani! Kinachowaka hasa katika mshumaa ni nta. Joto la moto huiyeyusha, nayo hupanda kupitia kwa utambi hadi juu, ikageuka mvuke, na mvuke huo ndio unaowaka. Utambi ukiwa mrefu kupita kiasi, hupandisha nta nyingi kuliko moto unavyoweza kuimaliza. Matokeo yake ni mwale mkubwa na masizi. Ndiyo maana aghalabu tunashauriwa kuupunguza hadi kiasi cha milimita 6 kabla ya kuuwasha. Kwa hivyo, agizo hilo si pambo la karatasi, ni tahadhari ya moto ndani ya nyumba.

Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Urasmi huo hauishii bungeni. Unafika hadi kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa bilauri.

Mfasiri angeandika hivi: “Mshumaa unaonukia. Punguza utambi kabla ya kuwasha.” Hesabu mwenyewe, msomaji. Ni maneno saba, sawa na yale yake. Nafasi ilikuwapo. Kilichokosekana ni kuuliza.