Akina Fuad Wawili: Riwaya ya Ukoo na Historia katika Darasa la Unguja

Riwaya mbili za Kizanzibari zilizotoka kwa kupishana miaka miwili zimempa mwenye mashamba jina lile lile. Katika Nyota ya Rehema (1976) ya Mohamed Suleiman Mohamed, Fuad ni baba ambaye nyumba yake haimpi binti yake wa kuzaa makazi wala upendo. Katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) ya Shafi Adam Shafi, ni bwana anayeangushwa na Mapinduzi ya 1964. Kuzisomesha pamoja kuna faida ambayo kuzisomesha moja moja hakuna: mwanafunzi hulazimika kukiri kwamba bwana alikuwa pia baba wa mtu.

Ufundishaji uliozoeleka, unaoongozwa na mtihani, hauufikii ukweli huo. Wahusika hugawanywa kwa matabaka, sifa zao hukaririwa, na Kijakazi, mtumishi wa kasri, huandikwa ubaoni kuwa kielelezo cha mnyonge asiyejitambua. Tathmini hiyo si ya uongo, ila ni fupi. Jina lake peke yake lingetosha kipindi kizima. Ni udogoshi wa mjakazi, yaani mtumwa wa kike; kiambishi ki- kinamshusha, lakini upatanisho wa kisarufi unabaki wa mtu: Kijakazi analia, wala si kinalia. Sarufi inamhifadhia utu ambao jina linamnyima. Sheria iliifuta hadhi ya utumwa Zanzibar mwaka 1897, miongo mingi kabla ya Mapinduzi. Neno halikufutika nayo.

Mahali anapoishi msomaji nako kuna uzito. Mikarafuu ya Unguja ilistawi zaidi magharibi na kaskazini, penye udongo wa kina. Pete na Kitogani, karibu na msitu wa Jozani, vimo upande wa ardhi ya mawe ya matumbawe. Mtoto wa huko asitarajiwe kuupokea ugawaji wa eka tatu uliofuata Mapinduzi kama anavyousikia nyumbani kwao mtoto wa mashambani. Anachokijua ni mpaka wa hifadhi, na kima punju wanaoingia mashambani. Kwake, mgogoro wa ardhi unaowasibu Rehema na mumewe, Sulubu, ni mlango ulio karibu kuliko kasri. Uteuzi wa vitabu haulijali hilo.

Hatari kubwa zaidi imo katika zoezi lipendwalo na walimu wengi, la kuwataka wanafunzi wasimulie asili ya koo zao. Zoezi hilo humlazimisha mmoja aseme hadharani kwamba bibi wa bibi yake alimilikiwa, na mwingine kwamba babu yake alimiliki, au aliuawa 1964. Na hao wawili huenda wanakaa dawati moja. Riwaya imewapa watu wa kuwajadili wasio wa mtu yeyote. Swali lenye manufaa ni la ndani ya kitabu: kwa nini Kijakazi anaendelea kumtii Fuad? Mwanafunzi anayelijibu huku akimtetea bibi yake, atajua mwenyewe.