Nakala Imekuja au Nakala Amekuja? Tahakiki ya Filamu ya Multiplicity

Multiplicity, filamu ya Harold Ramis iliyotolewa Marekani mwaka 1996, ni kichekesho cha mapenzi na ndoa. Doug Kinney, mjenzi anayeigizwa na Michael Keaton, hana wasaa wa kukaa na mkewe Laura. Mtaalamu mmoja anamtolea nakala ya mwili wake ili wagawane kazi. Nakala zinaongezeka hadi tatu, na ile ya mwisho, iliyotolewa kwa nakala nyingine, ina akili pungufu.

Dhiki ya Doug haihitaji maelezo Kitengela, mji wa Kajiado ambao wakazi wake wengi hurauka kwenda kazini Nairobi na kurejea usiku. Lakini anayetaka kuwasimulia filamu hii kwa Kiswahili atakwama mapema. Nakala hizo huitwa kwa tarakimu tupu, na Kiingereza hakidai zaidi. Kiswahili hudai upatanisho: ni Wa Pili au ni Ya Pili? Amekula au imekula? Taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI ilipozalisha nchini Kenya fahali wa Boran kwa njia ya kunakili, mwanzoni mwa miaka ya 2010, suala hili halikuzuka: aliitwa Tumaini, akaingia katika ngeli ya viumbe hai bila ubishi.

Hili si jambo la sarufi peke yake. Doug amezikataza nakala zake kulala na Laura. Naye asipokuwepo, zote tatu zinalala naye, mwanamke akidhani ni mumewe. Watazamaji hucheka. Tukisimulia kwa i- na zi-, Laura ametumiwa na vyombo vya mumewe, wala hakuna wa kushtakiwa. Tukisimulia kwa a- na wa-, wanaume watatu wamemhadaa mwanamke nyumbani kwake. Kicheko hicho hudumu maadamu ngeli haijachaguliwa.

Hapo ndipo udhaifu wa filamu ulipo. Mwishoni mwongozaji anazipeleka nakala Miami, zikafungue duka la piza. Hivyo amekwisha kuzikubali kuwa watu wenye riziki na hiari yao. Basi kama ni watu dukani, walikuwa watu chumbani pia, na Laura alistahili kuulizwa. Msimulizi wa Kitengela, akisema tu "Wa Pili ameingia", atakuwa ameuliza swali ambalo filamu nzima imelikwepa.