Neno la Baraka na Orodha Iliyofungwa: Uhakiki wa Mbinu ya Kutafuta Maneno kwa Kompyuta

Makala haya yanahakiki mbinu ya kompyuta inayowagusa wanaleksikografia: kugeuza orodha ya maneno kuwa kanuni ya kuyatafuta kwa haraka. Programu kama gperf hupewa orodha iliyofungwa, nayo huandika msimbo katika lugha ya C. Msimbo huo hukokotoa namba kutokana na herufi za neno; namba huonyesha mahali neno linapopaswa kuwa, kisha ulinganisho mmoja tu huthibitisha. Hakuna maneno mawili ya orodha yanayogongana.

Ubora huo haukanushiki. Hata hivyo, mbinu ya Cichelli ya mwaka 1980, iliyojumlisha urefu wa neno na thamani za herufi ya kwanza na ya mwisho, ingekwama upesi katika Kiswahili. "Kupika", "kufika" na "kuzika" yana urefu, mwanzo na mwisho mmoja. Kwa thamani zozote zile, yatagongana. Kitofautishi kimo katika mzizi. Gperf hukikwepa kikwazo hiki kwa kuchagua nafasi za ndani ya neno. Hapa, herufi ya tatu.

Tatizo kubwa zaidi ni orodha yenyewe. Kwanza, maumbo ya kitenzi cha Kiswahili hayaorodhesheki yote: "atakayewapikia" huundwa papo hapo. Ndiyo maana Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki aliujenga mfumo wa SALAMA, ulioanza mwaka 1985, juu ya uchanganuzi wa mofolojia. Pili, orodha ni ya nani? Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 ilihusisha Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, Kongo haikuwamo. Mwanafunzi wa Fizi au Baraka akiandika "batoto", umbo linalosikika sehemu nyingi za Kongo ya mashariki, atajibiwa kwamba neno halipo. Tukiuondoa ulinganisho wa mwisho ili kuongeza kasi, neno lake laweza hata kupewa maana ya neno jingine.

Kwa maoni yetu, kosa si la kanuni, bali la anayechukulia "halimo katika orodha" kuwa "si Kiswahili". Tunapendekeza viambishi vichanganuliwe kwanza, "ba-" ikiwa kando ya "wa-" pamoja na alama ya eneo, kisha mbinu hii itumike kutafuta mizizi. Mizizi ikiongezeka, kanuni itazalishwa upya kwa gharama ndogo. Kazi ngumu, ya kukusanya maneno Fizi na Baraka, inabaki kwetu.