Muulize Fundi Alikuta Tarehe Gani

Inakera kusikia fundi akisifiwa kwa sababu tu amemaliza kazi ndani ya nusu saa. Juzi hapa Mbinga mashine ya steshenari iligoma kuwaka, ikapelekwa kwa kijana mmoja, ikarudi na Windows mpya inayong'aa. Watu wakampongeza. Mafaili yote ya mwenye mashine yamefutika, na hakuna aliyeuliza ugonjwa ulikuwa nini.

Kupiga Windows si ufundi. Kahawa hupimwa kwenye kikombe, si kwenye gunia, na fundi hupimwa kwa anachofanya kabla ya kugusa bisibisi. Wa kweli huuliza kwanza: imegoma kabla ya nembo au baada yake? Ikiwa kabla, anaanzia kwenye umeme, RAM na ubao. Ikiwa baada, anaanzia kwenye diski, draiva na Windows yenyewe. Na anayefungulia muziki mezani simpi mashine yangu, maana hataisikia milio yake. Mafundi wa zamani walitambua RAM mbovu kwa kusikiliza tu milio ya mashine inapowashwa. Masikio hayo yanapotea.

Lakini jambo ambalo mwanagenzi hulipita kila siku ni tarehe. Fundi bora huingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine, na kutazama saa kabla ya kugusa chochote. Ikisoma mwaka wa zamani, mara nyingi betri ya CR2032, ile ya volti 3, imekwisha. Betri hiyo hutunza saa na mipangilio mashine ikichomolewa umeme. Kabla njia ya umeme ya Makambako hadi Songea haijazinduliwa mwaka 2019, tulipotegemea jenereta za dizeli na mashine zikakaa bila umeme, mafundi wa Mbinga hadi Lundo na Mbamba Bay waliijua vizuri shida hii ya betri kuisha. Betri ikifa, mipangilio huweza kurudi ya kiwandani. Kwenye baadhi ya mashine namna ya kuwasiliana na diski iliyokuwa AHCI hubadilika kuwa IDE au RAID, Windows hushindwa kuisoma, skrini ya bluu hutokea. Diski ni nzima, mafaili yapo.

Hapo ndipo tapeli husema diski imekufa, akauza nyingine na kubaki na yako. Mzee mmoja wa mjini hapa aliletewa mashine iliyokwisha kuhukumiwa hivyo. Akabadilisha betri, akarudisha AHCI, ikawaka. Hakuikabidhi. Aliichomoa ukutani, akasubiri, akaiwasha tena, akatazama tarehe mara ya pili. Huo ndio umahiri.

Hali salama (Safe Mode) nayo si dawa, ni kipimo. Humo Windows huwaka na draiva chache tu: ikikubali, shuku draiva au programu iliyowekwa karibuni, ikikataa hata humo, kagua diski, RAM na mafaili ya mfumo. Enzi za Windows 7 ilitosha kubonyeza F8. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 unashikilia Shift ukichagua kuwasha upya, kisha kwenye mipangilio ya uwashaji unachagua namba 4. Mwenye adabu huulizia kwanza ufunguo wa tarakimu 48 wa BitLocker, kinga inayofunga diski, kisha huondoa kitu kimoja, anawasha, anatazama, ndipo anagusa kingine.

Kwa hiyo ukienda kuchukua mashine yako, muulize fundi alikuta tarehe gani. Asipojua, lipa, ondoka, na usimrudie.